Ajenda ya Mengineyo

Kaeni, wapendwa. Kaeni tu. Kwaya wameimba vizuri, tumewapigia makofi, sasa kaeni tuongee. Na nianze kwa kuwaomba radhi, maana leo sina uso wa kucheka. Wiki hii nimekaa vikao vinne, na kila kimoja tumekifunga kwa sala ya kumshukuru Mungu kwa mambo ambayo hatukuyaamua. Nimechoka na vikao, jamani, nawaambia ukweli. Kwa hiyo mfano wangu wa leo ni wa kikao.

Palikuwa na chama kimoja cha kimataifa cha wanasheria. Si wanasheria wa viwanja na talaka, hapana, hawa walikuwa mabingwa wa sheria za kazi. Saa za kazi, likizo, mama akijifungua apumzike siku ngapi, mtu asifukuzwe ovyo, hayo ndiyo waliyoyasomea mpaka vipara vikawatoka. Walitoka nchi nyingi, na kila baada ya miaka mitatu walifanya kongamano kubwa, watu mia sita ukumbi mmoja, wanazungumzia namna ya kumlinda mfanyakazi. Hiyo si kazi njema? Ni njema kabisa. Sikuja hapa kuwacheka wasomi.

Sasa chama hicho chenye mabingwa mia sita kilikuwa na mfanyakazi mmoja. Mmoja tu. Alikuwa katibu muhtasi, mama wa makamo, ndiye aliyeandika barua zote, aliyejua profesa yupi hali nyama na profesa yupi asikalishwe karibu na yupi. Chama kiliongozwa na kamati tendaji ya watu tisa. Walikutana kwa kompyuta, kila mjumbe akiwa nchini kwake, na huyu mama ndiye aliyeandika muhtasari wa kila kikao. Hilo la muhtasari lishikeni, mtaliona mbele.

Huyu mama alikuwa na mama yake mzazi kijijini, mjane, na macho yalikuwa yanafifia. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Daktari hakuficha kitu. "Kilichopotea hakirudi, dada," alisema. "Tunachoweza ni kuokoa kilichobaki. Mabingwa wa macho watakuja hospitali ya mkoa mwezi wa tano, wiki moja. Mlete, na baada ya hapo akae na mtu wa kumtia dawa. Usipitishe hapo." Na mtoto aliyebaki kwa yule bibi ni huyo mmoja. Basi alikuwa anahitaji nini? Wiki tatu. Na likizo alikuwa nayo, hakuwa ameigusa kwa miaka minne.

Aliomba. Na hapa ndipo damu yangu inapoanza kuchemka. Katiba ya chama ilikuwa na kifungu kinachosema likizo ya mtumishi isiamuliwe na mtu mmoja, iamuliwe na kamati tendaji nzima. Mnajua kwa nini walikiweka? Kumlinda yeye. Waliogopa asije akatokea bosi mmoja mwenye roho mbaya akamnyima. Walikaa chini, wakafikiri, wakaandika kwa nia safi kabisa. Matokeo yake, hakuna hata mmoja aliyeweza kumnyima, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumpa.

Kikao cha Januari kikaitwa. Ajenda saba, na ya saba ni mengineyo. Ombi lake likawekwa mengineyo. Sote tunaijua hiyo ajenda, ndiyo ya mwisho, ambapo mwenyekiti anatazama saa na wajumbe wanatafuta funguo za gari. Siku hiyo waliingia kwenye maandalizi ya kongamano. Wakajadili bendera. Bendera za nchi wanachama zipangwe kwa kufuata alfabeti, sawa, lakini majina ya nchi yawe katika lugha gani? Dakika hamsini. Kisha rais mstaafu wa chama, ahutubie kabla ya mgeni rasmi au baada yake? Dakika arobaini, na mjumbe mmoja akanuna. Ikafika saa ya kufunga. Profesa mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa chama na mwenyekiti wa kikao, akasema, "Waheshimiwa, naona muda umetutupa mkono. Mengineyo tuyabebe kikao kijacho."

Wakaitikia, "Tuyabebe."

Na nani aliyeandika kwamba yabebwe? Yeye mwenyewe. Aliandika kwa vidole vyake: ombi la likizo ya katibu muhtasi limeahirishwa kwa kukosa muda. Akaangalia kama hakuna kosa la chapa, akawatumia wote.

Siku ya kikao cha Aprili, kabla hakijaanza, akapiga moyo konde akampigia Profesa simu.

"Shikamoo, Profesa. Samahani kwa usumbufu. Ni lile ombi langu. Mama anatakiwa hospitali mwezi ujao."

"Marahaba, dada. Pole sana na mama. Mimi kwa upande wangu ningekuruhusu hata leo."

"Basi niruhusu, Profesa."

"Siwezi. Mimi nikijichukulia mamlaka ya kukuruhusu, kesho atakuja mwenzangu ajichukulie mamlaka ya kukunyima. Unaiona hatari yake?"

Akaiona. Hawa watu wa sheria ndivyo walivyo, anakueleza mpaka unakubali, na huku unaumia. Lakini Profesa hakuwa mtu mbaya, naomba tuelewane hapo, maana mkimgeuza kuwa mbaya mtaikwepa sindano hii. Akamwambia, "Usijali. Leo nitaomba lisogezwe juu, lisikilizwe mapema."

Na kweli aliomba. Alisema, "Waheshimiwa, kuna jambo la mtumishi wetu, naomba tulianze hilo." Mjumbe mmoja, aliyekuwa anaijua katiba ya chama kuliko majina ya wajukuu zake, akawasha kipaza sauti.

"Utaratibu, Mwenyekiti. Ajenda tumeipitisha dakika kumi zilizopita. Kuipangua sasa hivi ni kuvunja kanuni zetu wenyewe."

"Ni kweli," Profesa akasema. "Nisameheni. Tuendelee."

Wakaendelea. Mnataka kujua walijadili nini saa mbili nzima? Mada kuu ya kongamano lao. Mada ilikuwa ni haki ya mfanyakazi kupumzika. Mmoja akasema haitoshi, iongezwe na haki ya kuhudumia familia yake. Wengine wakapinga, wakabishana, wakapiga kura, ikaongezwa. Wakapongezana. Walipofika mengineyo, wajumbe watano walikuwa wameshaaga, akidi ikawa imevunjika, na kikao kisicho na akidi hakiwezi kuamua hata kufungua dirisha. Yule mama akaandika: ombi limeahirishwa kwa kukosa akidi.

Mwezi wa tano ukafika. Najua kuna baba hapo benchi la tatu anawaza, angeondoka tu. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa. Barua yake ya ajira ilisema kuondoka bila ruhusa ni kujifukuza kazi, na dawa za yule bibi, chakula chake na bati la juu ya kichwa chake vyote vilitoka kwenye kazi hiyo. Akamwomba jirani wa kijijini ampeleke mama hospitali. Jirani akakubali kwa moyo mmoja, na wiki yenyewe jirani akafiwa na kaka yake. Mabingwa wa macho wakaja, wakahudumia watu waliofika, wakafunga masanduku yao wakarudi walikotoka.

Julai, wapendwa, kikao kilikwenda haraka. Sijui siku hiyo wamekula nini. Mengineyo ikafikiwa watu wote tisa wakiwepo. Profesa akasoma, "Ombi la likizo ya katibu muhtasi. Kuna pingamizi?" Kimya. "Limepita." Haikufika hata dakika moja. Tangu Januari kilichokuwa kinatakiwa ni dakika moja. Profesa akamwambia kwa uso wa furaha, "Kapumzike, dada, umestahili." Akajibu, "Ahsante, Profesa," akaandika: limeidhinishwa kwa kauli moja. Wiki hiyo yule bibi alikuwa anautafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa kupapasa ukuta. Hiyo likizo ndiyo binti yake aliyoitumia kufunga vyombo vyake na kumhamishia mjini.

Septemba, kongamano likaja. Bendera zimepangwa vizuri ajabu. Yule mama alitakiwa ukumbini tangu asubuhi mpaka jioni siku tano, na nyumbani hapakuwa na wa kumwachia bibi. Akaja naye. Akamkalisha kiti cha nyuma karibu na mlango, akampa chupa ya maji aishike, akamwambia, "Mama, usiinuke, nitakuwa napita."

Profesa akapanda jukwaani. Alikuwa msemaji huyo, mimi simfikii. Akasema, "Ndugu zangu, isitokee tena, katika nchi zetu zozote, mfanyakazi akalazimika kuchagua kati ya kazi yake na mzazi wake mgonjwa." Ukumbi mzima ukasimama. Makofi yalipigwa mpaka wakalimani wakaacha kutafsiri. Na kule nyuma yule bibi naye alikuwa anapiga makofi, ameketi, uso wake ameuelekeza kwenye spika ya ukutani kwa sababu sauti ilitokea huko.

Binti yake akapita na makaratasi. Bibi akamkamata mkono.

"Mwanangu, huyu anayeongea ni nani?"

"Ni mkubwa wetu wa kazi, mama."

"Ana moyo huyu baba. Sasa mbona hukumweleza habari ya macho yangu?"

Yule mama akasimama pale na makaratasi yake. Watu bado walikuwa wanapiga makofi. Akamwinamia mama yake, akamwambia, "Alikuwa anaiandaa hii hotuba, mama."

Mmewakasirikia wale maprofesa? Mimi nimewakasirikia sana. Nimeutunga mfano huu Ijumaa asubuhi nikiwa nimewakasirikia, na nilipofika katikati nikainuka kwenda kabatini kutafuta karatasi. Ni hii hapa. Huu ni muhtasari wa baraza la wazee la usharika huu, si wa chama cha kimataifa. Naomba niwasomee mstari mmoja.

Ajenda ya nane, mengineyo. Ombi la mhudumu wa kanisa, Mama Ndeshi, apewe Jumapili moja kwa mwezi asiwe zamu, akae ibadani. Limeahirishwa. Hii ni ya Februari. Ya Mei nayo inasema limeahirishwa. Ya Alhamisi iliyopita, limeahirishwa. Chini kuna sahihi ya mwenyekiti, na mwenyekiti ni mimi ninayewahubiria. Mnajua Alhamisi tulijadili nini kwa saa moja na nusu? Nani akate keki ya jubilei. Saa moja na nusu, watu wazima na akili zetu, na hatukumpata.

Mama Ndeshi ana miaka kumi na moja anachemsha chai yetu. Mahubiri yangu anayasikia kwa ukuta wa jiko, yakiwa nusunusu. Mwanawe wa mwisho alipopata kipaimara hapa, ninyi mlikuwa mnapiga picha, na yeye alilisikia jina la mwanawe kwa spika ya nje mikono ikiwa kwenye povu la vikombe. Hakulalamika. Aliandika barua, akaiacha ofisini, akarudi kazini. Hata sasa hivi ninavyoongea habari zake yuko huko, na birika liko motoni.

Sisi tuna shida gani? Hatukumnyima. Tungemnyima tungeona aibu, na aibu ingetuponya. Sisi tumeahirisha. Ni lini mmesikia mtu amekuja hapa mbele akatubu kuahirisha? Nimepokea toba za ulevi, za uzinzi, za uchawi, hiyo sijawahi kuipokea hata mara moja, na mimi mwenyewe sijawahi kuileta. Tunawaombea yatima wa nchi za mbali kwa majina. Wajane wa mji wa jirani tunawapelekea magunia. Mtu aliye jikoni kwetu tunamweka mengineyo, halafu tunashangaa kwa nini sala zetu zina uzito wa karatasi. Nimechoka na hilo, na wa kwanza niliyechoka naye ni mimi.

Kwa hiyo sitangoja kikao cha Agosti. Mzee Elinami, wewe ni katibu wa baraza, toa kalamu. Wazee wote wapo, nimewahesabu wakati wa sadaka, akidi ipo. Ombi la Mama Ndeshi. Kuna pingamizi?

Limepita. Umeandika? Haya, tazameni saa zenu muone tumetumia muda gani.

Sasa mimi nashuka hapa naenda jikoni kumpokea birika. Wazee wawili nifuateni, tukavae aproni, vikombe vya leo ni vyetu. Hapo benchi la mbele songeni, mmeacha nafasi ya mkoba tu. Na kwaya, wimbo wa sadaka ya pili msiuanze. Ngojeni kwanza akae.