Kofia Nyeupe ya Lyandembo

Kisa ninacho, jibu sina. Atakayelipata jibu kabla sijafika mwisho, alishike kwanza, huenda likamponyoka.

Katika kijiji cha Lyandembo, kwenye vilima vya baridi vilivyopandwa miti ya mipaina hadi upeo wa macho, palikuwa na kikosi cha zimamoto cha watu wa kujitolea. Magari ya serikali yalikaa mjini, mwendo wa saa tatu barabara ikiwa kavu. Kwa hiyo moto ulipowaka, wanakijiji waliuzima wenyewe kwa matawi mabichi, majembe na pampu za mgongoni.

Kikosi kilikuwa na kofia ngumu nyekundu ishirini na mbili, na nyeupe moja. Nyeupe ilikuwa ya msemaji. Mzee Kihongosi, mwanzilishi wa kikosi, aliiweka baada ya moto mmoja wa zamani ambao watu wanne waliutangaza kwa habari nne tofauti, na mama mmoja akarudi ndani ya nyumba inayowaka kumtafuta mtoto aliyekuwa salama kwa jirani. "Mikono iwe mingi," alisema mzee, "mdomo uwe mmoja." Akaongeza sheria ya pili: jina la aliyeumia lisitoke nje kabla halijaingia nyumbani kwake.

Mzee alipofariki, kofia ilikwenda kwa binti yake Vumilia, naye akaivaa miaka kumi na tisa. Mwaka wa mwisho moshi ulimwachia koo bovu. Akisema maneno kumi, saba yalitoka kama upepo tu, na mganga wa zahanati alimwambia asitegemee kupona. Vumilia akaitundika kofia ukutani chini ya picha ya baba yake, akaanza kutafuta wa kumrithisha. Kiangazi kilikuwa kirefu mwaka huo. Majani ya mipaina yalilala chini kimo cha goti, makavu, na ukipita juu yake yalilia kama karatasi.

Watu watatu kijijini walikuwa na vipawa.

Tulizo Mdegela, mrina asali, alikuwa na jicho. Angeweza kumwona nyuki akiingia mzingani ng'ambo ya korongo. Tena hakusema asichokiona. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, alijibu, "Wingu nimeliona. Mvua bado."

Semeni Luvanda, mwalimu wa chekechea, alikuwa na sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ile sauti ambayo mtoto anayelia hunyamaza ili aisikie vizuri.

Zabroni Ngimbudzi, karani wa zahanati, alikuwa na ukimya. Miaka kumi na minne alikuwa ameandika magonjwa ya kijiji kizima, na hakuna ugonjwa hata mmoja uliowahi kusikika gengeni. Watani wake walisema, "Zabroni akimeza siri, hata tumbo lake haliambiwi."

Vumilia aliwatazama wote watatu, akashindwa kuchagua. Akajiambia kwamba muda upo.

Siku ya Alhamisi, mwishoni mwa Oktoba, kuku waliingia bandani saa saba mchana.

Vumilia alikuwa mlangoni akipepeta maharage. Alitazama juu akaona jua limekuwa jekundu na dogo, kama kaa linalozimika. Kisha akasikia harufu. Alikimbilia ukutani, akaitungua kofia, akafungua mdomo kuita, na sauti haikutoka. Watu walipokusanyika ofisi ya kijiji ilimbidi anong'one huku wenzake wameinama kumsikiliza.

"Tulizo, mnarani. Semeni, kwenye kipaza sauti. Zabroni, njia panda, na wageni." Akavuta pumzi. "Leo kofia haina kichwa."

Mwenyewe akashuka mtoni kuwavusha watu wanaoishi kando ya mto, kofia nyeupe ikining'inia mkononi kwa ukanda wake.

Tulizo alipanda mnara wa mbao ulio juu ya shamba la miti. Moto ulikuwa ukishuka na upepo kuelekea korongo, na malori mawili yalikuwa tayari kuwapakia watu kupitia barabara ya juu, mbali na moshi. Kila mtu alitazama moshi mkubwa. Tulizo akatazama nyuma yake, akaona mwingine, mwembamba kama uzi, ukipanda kwenye kona ya kisima. Cheche zilikuwa zimeruka korongo.

Akasema kwenye simu ya upepo, "Barabara ya juu imekatika kwenye kona ya kisima. Njia ya mto iko wazi. Nimeona."

"Una hakika, Tulizo?" dereva mmoja akauliza. "Huo si moshi wa tanuri la mkaa?"

"Tanuri halitembei."

Hakushuka. Joto lilipofika mnarani, ngazi ilianza kutoa utomvu, naye akabaki akihesabu watu waliokuwa wakielekea mtoni, kitongoji kwa kitongoji. Na kwa jicho lilelile aliwaona wanaume watano wa kikosi wakifyeka kando ya korongo. Upepo ukageuka. Wanne wakatoka. Wawili wakarudi ndani ya moshi, wakamtoa wa tano wakiwa wamemshika mabega na miguu. Alikuwa amevaa mabuti ya njano. Kijiji kizima kilikuwa na jozi moja tu ya mabuti ya njano, ya Lutengano, mume wa Semeni.

Tulizo aliiweka chini simu ya upepo, kwa kuwa Semeni alikuwa akiisikiliza. Akatoa simu yake ya mkononi, akampigia Zabroni.

Semeni alikuwa ofisini, kipaza sauti mbele yake, na simu iliyounganishwa na redio ya wilaya kando yake. Lile neno la Tulizo alikuwa amelipokea kavu, akaligeuza kuwa kitu ambacho mtu aliyeshikwa na hofu anaweza kukifuata.

"Ndugu zangu, barabara ya juu tumeiacha. Tunashuka mtoni. Nyumba za kanisani watangulie, nyumba za shuleni wafuate. Mwenye mzee amshike mzee, mwenye mtoto ambebe mtoto. Hatukimbii. Tunatembea haraka."

Alirudia hivyo kwa saa moja na nusu, akiita kila kitongoji kwa jina lake, na sauti haikupanda wala kushuka. Huko mtoni Vumilia aliisikia ikipita juu ya moshi, akawaona watu wakitokea wawili wawili, wameshikana mikono, hata wengine wakisalimiana: "Kamwene." Bibi mmoja alifika amekumbatia kuku.

"Mwalimu ananiambia nitembee haraka," alimlalamikia Vumilia. "Mwambieni magoti yangu hayakusoma chekechea!"

Vumilia alicheka bila sauti. Kicheko hakijaisha, machela ikapita majini nyuma ya bibi yule, ikielekea zahanati iliyo ng'ambo. Blanketi lilifunika uso, kwa moshi au kwa kifo. Halikufika miguuni. Vumilia aliona mabuti ya njano, na sauti ya Semeni ikaendelea juu ya kichwa chake, ikiwaita watu wa shuleni.

Alimpokea bibi kuku wake.

Njia panda, Zabroni alikuwa amefunga kamba kukatiza barabara. Upande wa pili walijaa ndugu kutoka vijiji jirani, pikipiki zikinguruma, na mwandishi wa redio ya mjini mwenye kinasa sauti. Simu zilikuwa zimekwisha kuua watu thelathini. Moja ilisema chekechea imeteketea.

Zabroni alisimama juu ya jiwe. "Tunachokijua: moto umevuka korongo, na watu wanashuka mtoni. Tusichokijua: idadi ya walioumia. Nitasema tena saa nane na nusu."

"Kaka, nipe hata jina moja," mwandishi alisema. "Watu wanataka jina."

"Jina lina mwenyewe."

Saa nane na dakika tano simu yake ililia. Alikuwa Tulizo. Zabroni alisikiliza, akaiweka mfukoni.

"Ni nani?" mwandishi akauliza.

"Ni simu."

"Unatuficha maiti zetu wewe!" kijana mmoja alipiga kelele, na watu wakaisukuma kamba. Zabroni hakurudi nyuma, hakupandisha sauti. Saa nane na nusu kamili alipanda tena juu ya jiwe akasema yale yale, na saa tisa akapanda tena. Kwa sababu alirudi kila saa aliyosema atarudi, watu walianza kumngoja badala ya kumpita. Hakuna aliyepanda barabara ile. Waliotoka mlimani baadaye walisema kwamba ambaye angeipanda asingerudi.

Lakini kabla ya hapo, saa nane na robo, simu ilikuwa imelia mara ya pili, kutoka zahanati. Lutengano alikuwa hai. Alikuwa akimwulizia mkewe.

Watu hamsini na sita walikuwa bado juu, wakiifuata sauti ya mkewe. Zabroni aliirudisha simu mfukoni.

Lutengano alikata roho saa tisa kasoro robo. Mtu wa mwisho alivuka mto saa tisa na dakika tano. Saa tisa na dakika kumi Zabroni alimwachia mwenzake kamba, akaenda ofisini, akavua kofia yake nyekundu mlangoni.

Watu mia mbili na kumi na wawili walivuka. Aliyezikwa ni mmoja.

Jumapili mchana kikosi kilikutana kwenye darasa la chekechea, watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Kofia nyeupe ilikuwa mezani. Katika siku tatu zile moto ulikuwa umelala, haukuwa umekufa. Ulitembea chini kwa chini kwenye mizizi, na ardhi ya korongoni ilikuwa na joto ukiiwekea kiganja.

"Semeni apewe," walisema wengi. "Sauti yake ndiyo iliyotutoa."

"Ingetutoa kwenda wapi?" dereva wa lori akauliza. "Mimi nilikuwa nimeshawasha injini kwenda barabara ya juu. Bila Tulizo tungeungua tumepangwa vizuri."

"Na ndugu zetu je?" alisema mwingine. "Kaka zangu wawili walikuwa kwenye ile kamba. Zabroni angetamka jina moja, wangepanda."

Tulizo alitazama malengelenge ya viganjani mwake. "Mimi niliona tu. Nilipoona kilichonizidi uzito, nikamtwika Zabroni."

Semeni alikuwa amejitanda khanga nyeusi. Aliposema, wote walinyamaza ili waisikie ile sauti vizuri.

"Msinipe kofia kama rambirambi." Akamgeukia karani. "Kaka Zabroni. Ningejua, ningeacha kuita?"

"Sijui, mwalimu."

"Hata mimi sijui. Ulininyima kujua."

"Kulikuwa na watu hamsini na sita juu."

"Na sheria ya mzee? Jina liingie nyumbani kwanza."

"Jina halikutoka nje."

"Na ndani halikuingia," alisema Semeni. "Aliniulizia nusu saa nzima, na mimi nawaambia watu watembee haraka."

Zabroni aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua. "Ikitokea tena, nitanyamaza tena. Sitaki mnipe kofia huku hamlijui hilo."

"Basi na langu lijulikane," Semeni alisema. "Nikiivaa, nitasema yote, kwa wote, saa ileile. Hata likiwa jina la mtoto wako."

"Mimi nitasema nilichokiona," Tulizo alisema taratibu. "Kikiwa nusu, nitasema nusu, na watu wataamua kwa nusu."

Macho yakamrudia Vumilia. Alitaka kuwaambia juu ya machela, na blanketi lililopungua, na miguu yake mwenyewe iliyokuwa mizima, ambayo ingeweza kufika ofisini kwa dakika kumi. Alifungua mdomo. Ulitoka upepo.

Ndipo Tulizo aliposimama, akaangusha kiti chake kidogo. Alikuwa akitazama dirishani.

"Uzi," alisema. "Chini ya nyumba za kanisani. Sasa ni nyuzi mbili."

Nje, kuku walikuwa wakirudi bandani. Simu ya Vumilia ililia mezani. Ilikuwa namba ya yule mwandishi. Kofia nyekundu zilianza kutoka mlangoni moja moja, na watu wa kanisani walikuwa wamesimama uani wakitazama darasani, wakingoja kuambiwa njia. Watatu walibaki mbele ya meza: mwenye jicho, mwenye sauti, mwenye ukimya. Vumilia aliichukua kofia kwa mikono miwili. Ilikuwa bado inanuka moshi wa Alhamisi.

Mdomo uwe mmoja, alisema mzee.

Mimi hapa nimeishia. Moto haujaishia, na una nusu saa kufika nyumba ya kwanza. Wewe uliyenisikiliza, shika kofia hii. Je, ungemvika nani? Na hao wawili uliowapita, ungewatazama usoni ukawaambia nini?