Gari la Mtu Mmoja

Jumatatu ya tarehe saba Septemba ndiyo siku mambo yalipomwendea mrama Murray Pascoe. Asubuhi hiyo mkewe, Noeline, alikuwa ameketi mlangoni mwa gari lao, blanketi magotini, akiutazama mto unavyomwagikia baharini. Usubi walikuwa wakimng'ata vifundo vya miguu, naye akiwatukana mmoja mmoja. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Maana yake, asiye na nguvu ajitahidi atakavyo, chombo chake hakipewi upepo. Asiyeamini na asikilize habari za gari hili.

Lilikuwa gari dogo, jeupe, kuukuu, lililowahi kubeba mikate. Murray, mstaafu wa machinjioni, alilitia kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, sinki na tangi la maji. Choo kilikuwa cha kubebeka, kikikaa uvunguni mwa kitanda. Humo walizunguka Kisiwa cha Kusini cha nchi yao kama konokono na nyumba yake. Wakipenda ziwa, wanalala ziwani. Wakilichoka, wanatia gari moto na kwenda zao, bila mwenye nyumba wala jirani wa kuwachungulia. Na kila Septemba walikuja mtoni hapa kuvua vile visamaki vyeupe, vyembamba kama uzi, Noeline akavikaanga kwa mayai.

Safari hii daktari alikuwa amesema mapafu ya Noeline hayataiona Krismasi. Mwenyewe akaikataa wodi. "Nitafia mtoni," alisema, "kitandani pangu, na mume wangu ubavuni. Siendi kufa kando ya mashine inayolia kama kuku anayetaga."

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Kumbe wakubwa kule mji mkuu, wenye vyoo viwili viwili majumbani mwao, walikuwa wameshakaa na kuamua yao.

Askari wa halmashauri alifika saa tatu, binti aitwaye Keri, amevaa koti la njano. Akainama kuitazama stika ya buluu kiooni, kibali chao cha kulala garini mahali pa wazi kama hapa.

"Mzee, hii imekwisha nguvu. Siku hizi ni ya kijani. Gari halihesabiwi kuwa linajitosheleza kwa maji na choo mpaka choo kifungwe sakafuni, na kitumike hata kitanda kikiwa kimetandikwa."

"Ala! Yaani serikali inataka kujua nakojoa wapi kitanda kikiwa kimetandikwa?"

"Mwache aingie ajaribu, Murray," Noeline akadakia, akikohoa. "Mpe na gazeti."

Keri aliangua kicheko, kisha akakumbuka koti alilovaa. "Mama, sheria sikuitunga mimi. Lakini leo hapa hamlali."

Jirani yao, ambaye gari lake lilikuwa kubwa kama nyumba na choo chake kina mlango na taa, alifunga dirisha taratibu.

Wakahamia kambi ya kulipia yenye vyoo vyake huko bara, nyuma ya kiwanda cha maziwa. Mto haukusikika. Noeline akaanza kunyauka kama mboga iliyong'olewa, akiuliza kila asubuhi, "Visamaki vimeingia?" Murray hakuweza kuvumilia. Akachukua msumeno, akakata nusu ya kitanda, ile nusu yake, na mahali pake akakipigilia choo kwa skrubu.

"Utalala wapi sasa?" mkewe akauliza.

"Kiti cha dereva."

"Maskini! Miaka yote hii nakuvumilia unavyokoroma, nimeshindwa kukufukuza. Serikali imenisaidia."

Walicheka. Kisha Noeline akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka, na Murray akajifanya anatafuta bisibisi.

Mkaguzi aliyeruhusiwa kutoa cheti cha kijani alikuwa ng'ambo ya milima. Wakamwendea, Noeline akishika mpini wa mlango kila kona. Mkaguzi alikaa juu ya kile choo, akapanua viwiko, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akapima kitanda.

"Hiki cha mtu mmoja."

"Mimi nalala kitini."

"Kiti si kitanda, mzee. Naandika mmoja."

Murray hakubisha. Shule hakukaa sana, na kwake kijani kilikuwa kijani. Akakibandika cheti kiooni, akaendesha kuelekea mtoni akipiga mluzi, na Noeline akafungua dirisha ili ainuse bahari kabla ya kuiona.

Keri aliwakuta wakiteremsha nyavu. Akasoma cheti, akasoma tena.

"Mzee... hii ni ya mtu mmoja. Ninyi wawili."

Noeline akatabasamu. "Ngoja kidogo tu, mwanangu. Hesabu itakaa sawa yenyewe."

Keri alikwenda kando akampigia simu mkubwa wake. Walimsikia akibembeleza. "Anaumwa, bosi... Ndiyo, najua... Ndiyo, najua." Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Anasema akiwaachia ninyi, atawaachia wote."

Noeline alikufa wiki hiyo hiyo, wamerudi nyuma ya kiwanda cha maziwa, alfajiri malori yalipoanza kunguruma. Alikuwa kwenye nusu ya kitanda. Murray alikuwa kiti cha mbele, mkono ameupitisha nyuma katikati ya viti, na vidole tu ndivyo vilivyomfikia.

Baada ya mazishi alirudi mtoni. Visamaki vilikuwa vimeingia tele, nyavu hakuzigusa. Keri alikuja, akatazama cheti, akatazama ndani ya gari, akahesabu. Mmoja.

"Uko sawa, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Uko huru kukaa."

Dau la mnyonge haliendi joshi, na wahenga wakaongeza kwamba likienda joshi, ni Mungu kupenda. Dau la Murray lilipewa upepo siku lilipobakiwa na mtu mmoja: je, hilo nalo alilipenda nani?