Msomaji na Baba Asiyeona

Katika mji mdogo wa milimani aliishi mtu aliyependa vitabu kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho. Jina lake Eliamani. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na juu ya kaunta, kati ya makopo ya rangi na misumari, hakikukosekana kitabu kilichofunguliwa na kulazwa kifudifudi. Wateja walimngoja amalize aya ndipo awahudumie.

Mjini humo walikuwepo watu wengine wachache waliopenda kusoma. Walikuwa na desturi ya kukutana Jumamosi moja ya kila mwezi, alasiri, nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu. Kila mtu alieleza kitabu alichokisoma karibuni, akasema kilichompendeza na kilichomchosha, na wenzake wakamwuliza maswali au wakambishia. Walikunywa chai, wakaazimana vitabu, wakarudi makwao. Ilikuwa desturi njema, wala siisemi vibaya.

Kati yao, Eliamani ndiye aliyesikilizwa kuliko wote. Akisema kitabu fulani ni chepesi, hakuna aliyekiazima tena. Akikisifu, kilipita mikononi mwa watu mpaka jalada likachanika. Alijua kuingia moyoni mwa mtu wa hadithini na kukuonyesha kwa nini mama yule alinyamaza, na kwa nini kijana yule hakurudi kwao. Watu walitoka mbele yake wakidhani wamekisoma kile kitabu wenyewe.

Eliamani alikuwa na baba. Mzee Mbazi alikuwa mwashi wa mawe maisha yake yote, naye alipenda kusoma ingawa vitabu hakuwa navyo. Alisoma magazeti yaliyofungia chumvi na sukari, na kwa vipande hivyo alimfundisha mwanawe herufi kabla mtoto hajapelekwa shule. Uzeeni presha ya macho ilimnyang'anya nuru, jicho moja kwanza, kisha la pili. Mkewe alipofariki, Eliamani alimchukua akae naye. Alimpa chumba cha nyuma chenye kitanda kizuri, blanketi zito na redio. Mkewe Eliamani, Namsifu, alimpikia na kumfulia kwa moyo mweupe. Kwa hayo hakuna awezaye kuwalaumu.

Mzee alimwomba mwanawe jambo moja tu, amsomee kitabu. "Ukipata nafasi," alimwambia, "hata ukurasa mmoja." Naye Eliamani alimjibu, "Nitakusomea, baba, nikimaliza hiki." Hakuwa anadanganya. Lakini kila kitabu kilichokwisha kilifuatwa na kingine, na siku zote alikuwa katikati ya kimojawapo. Namsifu alipoona hivyo alijitolea kumsomea yeye. Mzee alimshukuru, akasema atamngoja mwanawe, kwa kuwa amemwahidi.

Ikafika zamu ya Eliamani kuwakaribisha wenzake. Walikaa sebuleni, chai ikamiminwa, na kila mmoja akaeleza chake. Nakunda, mkunga wa zahanati ya pale, alieleza kitabu cha safari ambacho hakikumvutia sana. Kisha wote wakamgeukia mwenye nyumba.

Eliamani alikuwa amesoma hadithi ya mama mmoja mzee aliyeachwa kijijini. Kila asubuhi mama huyo alitoa kiti mlangoni, akakiweka kando ya chake, na kila jioni akakirudisha ndani bila mtu kukikalia. Eliamani aliieleza hadithi hiyo kama hajapata kueleza nyingine. Alisema watoto wa mama yule hawakuwa wabaya, na hapo ndipo kitabu kinapotisha. Walimtumia dawa, walimtumia blanketi, walimwezekea nyumba. Walichomnyima ni kukaa naye. Alisema mtu anaweza kumlisha mzazi wake vizuri na bado akamwua kwa njaa. Nakunda alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Namsifu alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi. Alimtazama mumewe, kisha akatazama chini.

Ukuta wa chumba cha nyuma haukufika darini, na mzee alikuwa ameyasikia yote. Alikuja akipapasa ukuta mpaka mlango wa sebule. Wageni wakasimama, wakamwamkia, wakampisha kiti. Alikaa, akaegemeza fimbo gotini.

"Nimekisikia hicho kitabu," alisema. "Ni kizuri. Nawaomba, je, yupo kati yenu mwenye nafasi ya kuja kunisomea? Mwanangu ana kazi nyingi."

Hakukuwa na uchungu katika sauti yake. Aliomba kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani. Lakini Eliamani alielewa kilichotokea, kwamba baba yake alikuwa amemngoja muda wote huo na sasa amekoma kumngoja. Uso ukamwaka. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, "Mimi nitakusomea, baba," na pengine wageni wangedhani ni adabu ya kawaida tu. Badala yake alicheka kidogo, akawageukia wenzake.

"Mzee siku hizi anasahau," alisema. "Baba, mbona huwa nakusomea? Hata juzi tulisoma."

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ya mwanawe, akakaa hivyo kwa kitambo. Macho yale hayakuona kitu, lakini Eliamani alishindwa kuyatazama. Kisha mzee akainama, kwa namna ya kusema, akaiokota aibu ya mwanawe, akajitwika mwenyewe mbele za watu.

"Kweli, mwanangu," alisema. "Nimesahau. Uzee huu."

Hapakuwa na mtu aliyeamini. Namsifu aliiweka chupa mezani, akatoka kwenda jikoni, hakurudi tena. Nakunda alisema kwa sauti ndogo kwamba Jumanne huwa anatoka kazini mapema, atakuja. Wageni waliaga upesi kuliko desturi. Siku hiyo hakuna aliyekiazima kitabu cha Eliamani. Walikiacha pale pale mezani.

Alipobaki peke yake Eliamani alikwenda chumba cha nyuma akitaka kusema neno. Mzee akamwuliza kama mvua itawahi mahindi. Akajibu habari za mvua, akatoka.

Nakunda alikuja kama alivyoahidi, akaanza kumsomea mzee kile kitabu cha mama aliyeachwa, akaendelea kuja. Eliamani alianza kurudi mapema kutoka dukani siku za Jumanne. Hakuingia chumbani. Alisimama ukumbini, mgongo ukutani, akasikiliza. Alimsikia baba yake akicheka, akiuliza, akimsimamisha Nakunda arudie sentensi iliyompendeza, akibishana na watu wa kitabuni kana kwamba wamekaa naye. Hakuwa amejua kwamba baba yake ana maoni. Alitamani kuingia, lakini akiingia na kushika kitabu, atakuwa amekiri kwamba hakuwahi kukishika. Uongo wake mwenyewe ulimfungia mlango wa chumba kilichomo ndani ya nyumba yake.

Jumanne moja walifika mahali ambapo watoto wa yule mama wanampigia simu, wanamwuliza hali, naye anajibu kwamba hajambo, wasihangaike kuja. Mzee akamwambia Nakunda asite kidogo.

"Huyu mama naye ana kosa," alisema. "Anawaficha watoto wake ubaya wao. Anadhani ndio kuwapenda. Kumbe anawanyima nafasi ya kutubu."

Nakunda alijua mzee hasemi habari za kitabu peke yake, na aliyesimama ukumbini alijua pia. Maneno yale ya simu Eliamani alikuwa ameyapita aliposoma, hakuyaona, ingawa kitabu kile alikimaliza na kukisifu mpaka watu wakalia.

Akaingia. Hakuketi. Alisimama katikati ya chumba kama mshtakiwa, na Nakunda akafanya kama anayetaka kutoka. Eliamani akamwomba abaki, kwa kuwa alikuwepo siku ile uongo uliposemwa.

"Baba," alisema, "sijawahi kukusomea hata ukurasa mmoja."

"Najua, mwanangu," mzee alisema. "Kaa."

Nakunda alimwachia kiti na kitabu. Eliamani alisoma. Yeye ambaye ulimi haukupata kumkwama mbele ya watu, sasa alijikwaa kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Alifika mahali pa kile kiti kitupu mlangoni, pale alipopaeleza vizuri sana sebuleni, na sauti ikakatika. Mzee hakumfariji. Alingoja tu, mikono juu ya magoti, mpaka mwanawe akapata pumzi ya kuendelea.

Wakawa wanasoma kila jioni kabla ya chakula. Walikimaliza kile kitabu, wakaanza cha pili, na katikati ya cha pili mzee akaugua, akafariki. Waliokuwepo mazikoni wanasema Eliamani alilia kwa kuziba mdomo kwa mkono, kama mtu aonaye haya hata kulia.

Bado huenda kwa wenzake Jumamosi zao. Hueleza kitabu alichokisoma, lakini kwa maneno machache, na wenzake wasipokubaliana naye huwasikiliza. Hadithi ya yule mama ikitajwa huinamisha uso. Na wenzake wanaokumbuka siku ile huinamisha nyuso zao pamoja naye, kwa maana kila mmoja alirudi kwake siku ile akakuta mtu ambaye alikuwa hajakaa naye.

Ndugu zangu, sisi tunalijua neno la Mungu, na tukilieleza watu hutoa machozi. Basi ni nani nyumbani kwetu aliyechoka kutungoja, akaenda kuomba kwa wageni?