Makaa ya Bi Tupokigwe

Pumzi haba haitaki jicho haba. Mmelisikia neno hilo leo katika chumba cha upasuaji, wanangu, nanyi mnauliza lilikotoka. Lilianza hivi.

Masika moja barabara ya kupanda hospitali hii ilikatika, lori la mitungi ya oksijeni likabaki bondeni. Anyelwisye, mtoa dawa ya usingizi, alikuwa amejifunza katika vitabu chakavu namna ya kufungua gesi kidogo tu. Pumzi ya mgonjwa ilipita kwenye chokaa, ikasafishwa, ikamrudia. Mtungi wa siku moja ungefika siku nne. Lakini je, njia hiyo ilikuwa salama? Mganga mkuu aliporidhia, Anyelwisye akaanza kuijaribu kwa wagonjwa waliokubali, mmoja mmoja, akiandika kila dakika tano.

Wa thelathini alikuwa Bi Tupokigwe, mpishi mstaafu wa hospitali, aliyekuja kutolewa rovu shingoni.

“Nimekulisha tangu una kiuno cha nyigu,” mama alimwambia Anyelwisye. “Usininyime hewa sasa.”

“Nitakupimia, mama, kama ulivyokuwa ukinipimia nyama.”

“Basi nimekwisha.”

Akalala akicheka.

Anyelwisye alipenda mwandiko mzuri. Aliinama kunyoosha safu ya tarakimu zake. Alipoinua macho, kipimo cha oksijeni katika hewa aliyovuta mama kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia thelathini na tano hadi ishirini na sita, na kilizidi kushuka. King'ora cha mashine ile kilikufa zamani. Akafungua gesi. Kipimo kikapanda, na mama hakudhurika.

“Amepona,” alisema Daktari Kihwele, mpasuaji. “Wagonjwa ishirini na tisa safi, huyu wa nini kukutia doa? Ruka mstari huo.”

“Nikiuruka, daktari, atakayenifuata ataanguka hapo hapo.”

Akaandika: niliinama, sikutazama. Alijua karatasi ile ingeweza kuizima kazi yake yote.

Asubuhi alimweleza Bi Tupokigwe mwenyewe. Mama aligusa bandeji shingoni, akasema kwa sauti iliyokauka:

“Ukipika kwa makaa machache, huendi dirishani kusengenya. Ukiyapa kisogo yanazimika, na kosa si la makaa. Pumzi haba haitaki jicho haba, mwanangu. Tafuta mwingine wa kuandika.”

Mganga mkuu aliisoma karatasi mara mbili. Njia ile hakuizuia. Aliongeza kiti kando ya mashine. Tangu hapo mmoja huandika, na mwenzake habandui macho kwenye kipimo.

Ndiyo maana leo, mwenzenu aliyekuwa akitazama kipimo alipogeuka kupokea kalamu, muuguzi alimwondolea mkononi taratibu na kumwambia: pumzi haba haitaki jicho haba.