Mbweha, Wakili wa Kivukoni

Jamani, masikio yako wapi?

Yako hapa!

Na midomo?

Tumeifunga!

Basi, hapo zamani za kale, jua liliwaka huko Bondeni hata nyasi zikawa vumbi. Bi Tandala alikuwa na ndama mmoja anyonyaye, jina lake Kidawa, na maziwa yalianza kumkauka. Ng'ambo ya mto majani yalikuwa mabichi, lakini kivuko kilikuwa na mlinzi, Mzee Kiboko, na watu walisema havuki mtu bila kibali.

Njiani, juu ya kichuguu, alikaa Mbweha, unyoya sikioni, makaratasi kwapani.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mama. Umefika kwa mwenyewe! Mimi ndiye wakili wa vibali. Kiboko ni mkali, usimsogelee peke yako. Niletee asali tu."

Bi Tandala akaenda, nyuki wakamng'ata, akarudi na asali. Mbweha akalamba. "Faili lako liko mezani. Njoo kesho."

Kesho yake akaenda.

"Faili limekwama, mama. Niletee mayai ya kanga tulikwamue."

Akatafuta, akaleta. Mbweha akala. "Njoo kesho."

Siku ya tatu Kidawa hakuweza kusimama vizuri. Bi Tandala akalia, "Bwana, mwanangu anakwisha!"

Mbweha akajikuna. "Leo mnavuka. Foleni ya punda milia ni fupi. Nitawapaka chokaa, mseme nyinyi ni punda milia."

"Huo si uongo?"

"Mama, wakili ni nani hapa?"

Bi Tandala akasogea. Akapakwa yeye, akapakwa mtoto, wakaenda wakikokotana. Walipofika mtoni, Kidawa kwa kiu yake akatumbukiza kichwa majini. Kikatoka hakina mstari hata mmoja! Foleni nzima ikaangua kicheko. Kiboko hakucheka.

"Wewe ni nani?"

Bi Tandala akainamisha kichwa. "Mimi ni Tandala, mzee. Nimedanganya." Akaeleza yote: asali, mayai, chokaa.

Kiboko akashusha pumzi. "Mama anyonyeshaye huvuka bila kibali. Ndiyo sheria yetu. Ungekuja juzi, ungevuka juzi."

Bi Tandala akaketi chini pu!

Mbweha akaitwa mbele ya Baraza la Mawakili. Kobe, mkuu wa Baraza, akamuuliza, "Nani alikupa uwakili?"

"Unyoya huu."

"Uliupata wapi?"

"Niliuokota."

"Na sheria ya mama anyonyeshaye, uliijua?"

"Niliijua."

"Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia, angeniletea nini?"

Loo! Wakamvua unyoya palepale. Wakamkataza kumshauri msafiri yeyote, na jina lake likatangazwa kila njia panda. Ndiyo maana mpaka leo mbweha hubweka peke yake vichakani: anaita wateja, hawaji.

Bi Tandala akavuka, Kidawa akashiba. Lakini kwa ule uongo wake, Baraza lilimpa kazi: siku saba arudi kivukoni kila asubuhi, awaeleze wageni sheria. Siku saba zikaisha, yeye akaendelea kwenda.

Funzo lake, wenzangu: kabla hujamkabidhi mtu shida yako, muulize nani alimpa kazi hiyo. Na wewe unayeijua sheria, mwambie asiyeijua, usimgeuze kitoweo.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie, nitainywea chai.

Haya, midomo fungueni!