Kitambaa Cheupe Kofiani

Mwanamke mmoja alialikwa kwenda kutazama mbio za farasi. Naona mnacheka. Chekeni sasa hivi, ndugu zangu, maana huko mbele hakuna kicheko.

Mkubwa wake kazini ndiye aliyemwalika, yeye na wenzake. Huko, watu hawaendi kutazama farasi tu. Wanatazamana. Na mwanamke atakayependeza kuliko wote siku hiyo hupewa zawadi mbele ya umati, akapigiwa makofi. Basi Jumapili hiyo dada yetu hakuja kanisani. Alikuwa mbele ya kioo.

Kioo kikubwa cha nyumba ile kilikuwa kwenye kabati la mama yake, chumbani kwa mama yake, na mama yake alikuwa kitandani anaumwa. Kwa hiyo akivaa gauni jekundu, mle kiooni yumo yeye na mama nyuma yake. Akivua, akavaa la kijani, yumo yeye na mama nyuma yake. Nawauliza, alimwona?

"Mwanangu," mama akasema, "kifua kimenibana tangu nilipoamka. Leo usiniache peke yangu."

"Mama jamani! Jirani atakuja kukuangalia. Hebu sema, hili la kijani limenikaa?"

"Limekukaa, mama. Umependeza."

Lakini kofia! Huko kofia ndiyo mambo yote, na yake ilikuwa ya ukindu mtupu. Ilitaka utepe mweupe. Jumapili asubuhi utapata wapi utepe, maduka yote yamefungwa? Akainama, akavuta sanduku la mama chini ya kitanda.

Akina mama wa Umoja wa kanisa letu mliokaa hapa mbele, nyinyi mnajua alichokikuta, maana mama yake alikuwa mwenzenu. Kitambaa kile cheupe cha kichwa. Unafungwa hicho siku unayoapishwa kuingia Umoja, mbele ya madhabahu, kisha unakitunza, na siku ya kuzikwa wenzako wanakufunga hicho hicho. Hakiazimwi. Hakinunuliwi cha pili.

"Hicho kiache, mama," mgonjwa akasema. "Hicho ni cha siku yangu."

"Siku yako iko wapi, mama? Acha kujitabiria mabaya! Nitakununulia kingine kizuri zaidi."

Akachukua mkasi. Akakikata vipande virefu vyembamba, akavisokota, akavishonea kwenye kofia. Kilipendeza, siwadanganyi. Akambusu mama yake shavuni akatoka.

Na alishinda! Akaitwa mbele, akapewa kikapu kikubwa cha zawadi, wakampiga picha. Ukimuuliza leo farasi gani alitangulia, hajui.

Akarudi na jua bado linawaka, kikapu mkononi na kofia kichwani, akiwa na hamu ya kumwonyesha mama. Akakuta viatu vingi mlangoni. Akaingia. Akina mama wa Umoja walikuwa wamekizunguka kitanda katika sare zao. Walikuwa wamekwisha kumwosha marehemu, wamemvalisha gauni lake. Kichwa tu kilikuwa wazi, mvi zake zote nje.

Mwenyekiti wao akamshika mkono. "Pole, binti yetu. Hakukaa sana baada ya jirani kutuita. Alipozidiwa tukaanza kutafuta kitambaa chake, akatuzuia. Akasema, 'Msipekue. Nimempa mwanangu, kwa moyo wangu, na msije mkamuuliza.' Basi kilete, mama, tumfunge."

Mkono wa yule binti ukapanda kichwani wenyewe. Wote wakatazama ulikokwenda. Bora wangemtukana.

Alipiga magoti akafumua ule uzi kwa meno. Vipande havikutosha hata kulifunika paji la uso. Mama wa watu akafungwa leso ya jikoni, akazikwa nayo.

Tunasema majuto ni mjukuu. Huyu wake alizaliwa mchana huo huo.

Sasa msimtazame yeye. Mimi nawatazama nyinyi, nami najitazama. Sisi kila asubuhi tunasimama kwenye kioo, na nyuma yetu yuko mtu kitandani. Ni mama, ni mke aliyenyamaza siku nyingi, ni ndugu uliyemwambia nitakuja kesho. Kioo kinamwonyesha. Sisi tunaangalia kofia. Tunamwomba atusifie, naye anatusifia, kwa pumzi aliyoihitaji ili aishi.

Na mnisikilize hapa, kwa maana hapa ndipo panaponiuma. Yule mama alijua. Alikiona kitambaa chake kikikatwa. Akatumia maneno yake ya mwisho kuificha aibu ya mwanawe, akakubali yeye aende kichwa wazi. Wangapi hapa tumevaa vitu tulivyowavua waliotupenda, nao wakasema wametupa?

Nendeni nyumbani. Leo msisimame kupiga gumzo hapo nje. Nendeni mkageuke kwenye kioo mtazame aliye nyuma yenu, kabla hamjakuta viatu mlangoni.