Neno la Mbonea na Mzinga wa Kitojo

Sogeeni karibu, na anayetafuna muhogo atafune taratibu asije akapitwa. Nyinyi mmezoea sinema. Mwenye mkuki anakimbilia bunduki kifua wazi, risasi zote zinamkosa, watu wanapiga makofi. Hii si sinema. Watu wa Kwemvuo walikuwa na mikuki, na Kitojo, mporaji aliyeutaka mlima wao, alikuwa na mzinga wa chuma uliobomoa nyumba kwa pigo moja. Mzinga haumwonei mtu haya kwa kuwa ni jasiri.

Mjini kulikuwa na watatu wenye vipaji. Senkondo, kibarua asiye na shamba, aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote mpaka mama wa mtu huyo akaitika. Naetwe, mjane mwenye bwawa la juu, alijua maji yatapita wapi kabla hayajapita. Mbonea mhunzi alikuwa na sikio: gonga chuma, atakwambia kama kina ufa ndani. Tena alikuwa tajiri kuliko wote pale, na mwenye wivu kuliko wote, na hili la pili hakulificha sana.

Mzinga ulipoburutwa mpaka chini ya mlima, Senkondo aliivisha migomba kanzu na vilemba, akajificha nyuma yake akipiga kelele kwa sauti za wanaume wa mji mzima. Watu wa Kitojo wakaipiga ile migomba, wakaipiga tena na tena, mpaka chuma kikawa chekundu. Bila Senkondo, mzinga usingepata moto.

Mbonea alilaza sikio kwenye mwamba, akasikiliza kila mlio. Maji yakiwahi, chuma kinapoa tu. Yakichelewa, wapigaji wameshapumzika. Mlio ulipobadilika, ukawa mzito kama wa chungu chenye ufa, alisema, "Sasa." Bila Mbonea, maji yangemwagika bure.

Naetwe akang'oa kizibo cha bwawa. Maji ya kumwagilia msimu mzima yakashuka kwa mfereji, yakapita pale pale alipotaka, yakaumeza mzinga. Chuma kikapasuka, Kitojo akakimbia peku. Mahindi ya Naetwe yalikauka mwaka ule.

Jumbe Mauya akatangaza, "Aliyeuokoa mji nimemsamehe kodi maisha yake yote."

Kodi ya Kwemvuo ilikuwa sehemu moja ya kumi ya pato la kila mtu, iwe nafaka, majembe au siku za kazi, kwa ajili ya ghala la njaa. Na ghala lilikuwa lazima lijae. Aliyesamehewa, fungu lake lilibebwa na wengine.

Huko kisimani wasichana walikuwa wakiimba maji ya Naetwe. Watoto walicheza Senkondo na migomba yake. Sikio la Mbonea halikuimbwa na mtu.

"Ulisema neno moja tu, baba Mkunde," mkewe alimtania. "Hata kasuku angelisema."

Mbonea hakucheka. Kila alipousikia ule wimbo wa kisimani aligonga nyundo kwa nguvu zaidi ili usisikike.

Siku ya baraza alikuwa wa kwanza kusimama. "Nusu ya nafaka ya ghala hununuliwa kwa majembe yangu. Mimi ndiye ninayelipa zaidi, na bila mimi mzinga ungekuwa bado unapiga."

"Na ukisamehewa wewe, hiyo nusu nitaijaza mimi?" Naetwe aliuliza. "Kodi kwako inachukua ziada, kaka. Kwangu inachukua chakula."

"Basi nisameheni mimi," alisema Senkondo. "Fungu langu ni siku chache za kibarua. Pengo lake hamtaliona."

"Hapo unatulipisha sisi tulioumia zaidi yako," alisema Mbonea. "Wewe umepoteza nini? Migomba?"

Jumbe akawaza. "Nikiwagawia sawa, kila mmoja apunguziwe theluthi ya kodi yake?"

Naetwe akacheka bila furaha. "Theluthi ya Mbonea inazidi mafungu yetu sisi wawili yakiwa mazima."

Mbonea alipaswa kufurahi, lakini hakufurahi. Alimtazama Senkondo, ameketi naye mkeka mmoja, anaitwa mkombozi kama yeye, na roho ikamuuma upya.

Hapo ikaja habari kwamba Kitojo anayeyusha chuma kusubu mzinga mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Baraza zima likawageukia wale watatu. Mbonea akajiuliza: akisamehewa mwingine, siku mzinga huo utakapofika ataweza kulitamka lile neno kwa wakati wake? Alijichunguza moyoni, akaona hajui. Akamtazama jumbe, na jumbe akaona kwamba Mbonea hajui.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, kiti cha jumbe nimewaachia. Asamehewe nani, na fungu lake alibebe nani? Tuanze na wewe unayecheka.